Sindano Isiyo na Dawa

Bana vidole vinne pamoja, uviweke chini ya pia ya goti, kisha toka upana wa kidole kimoja nje ya muundi. Bonyeza. Ukipata mahali panapouma kwa mbali, umefika kwenye nukta ambayo Wachina wameiita kwa karne nyingi Zusanli, yaani li tatu za mguu. Li ni kipimo chao cha zamani cha njia, kama nusu kilomita. Inasimuliwa kwamba msafiri aliyechoka akichomwa sindano hapo, au akiunguziwa hapo majani makavu kidogo, hupata nguvu ya kwenda li tatu zaidi. Mshairi wa Kijapani Matsuo Bashō alijiunguzia majani hayo miguuni alipojiandaa kwa safari yake ndefu ya mwaka 1689.

Li tatu ni kilomita moja na nusu. Ukishuka stendi ya Nyegezi ukashika njia ya kwenda Malimbe kwa miguu, nguvu hiyo itakuishia ukiwa bado katikati ya safari, bodaboda zikikupigia honi. Lakini dai lenyewe ni la zamani na limesafiri mbali kuliko hapo. Lilifika hadi mwambao wa Ziwa Victoria, likakuta kuna sindano nyingine iliyotangulia kwa zaidi ya miaka 60, na sindano hiyo ya kwanza ndiyo iliyoamua jinsi ya pili itakavyopokewa.

Nyegezi iko kama kilomita 10 kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, kwenye barabara ya kwenda Shinyanga. Mwaka 1960 Wamisionari wa Afrika, wakati wa Askofu Joseph Blomjous, walifungua hapo chuo cha mafunzo ya jamii, ambacho mwaka 1998 kilikua kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Jirani kuna chuo cha uvuvi. Kwa hiyo Nyegezi ina watu wa aina zote za kuchoka. Wapo wavuvi wanaokesha na taa majini, wanawake wanaoanika dagaa kabla jua halijapanda, wapiga debe wa stendi waliokaukiwa sauti, na wanafunzi wanaosinzia juu ya madaftari. Mtu akisema amechoka, hakuna anayegeuka kumtazama.

Anageuka mmoja tu, naye ni mganga wa zahanati. Mazungumzo yao mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kusubiri anayajua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimechoka tu. Mwili hauna nguvu."

"Uchovu wa nini, mama?"

Swali hilo la mwisho lina historia yake, nayo inaanza kwa watu kufa usingizini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwapukutisha watu wa kaskazini mwa ziwa. Waganda waliuita mongoota. Mtu alianza na homa na maumivu ya kichwa, akaendelea na uchovu usioelezeka, akawa analala mchana akiwa na chakula mkononi, akaishia kutokuamka. Uganda peke yake ilipoteza watu zaidi ya laki mbili katika miaka ile. Wajerumani waliokuwa wakiitawala pwani ya kusini waliona moto unakuja upande wao. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa ametunukiwa Nobel mwaka uliotangulia, alipiga kambi kwenye visiwa vya Sese akawa anawachoma wagonjwa dawa iliyoitwa atoksili, yenye aseniki ndani yake. Baadaye kambi za namna hiyo zikawekwa upande wa Wajerumani, ikiwemo Kigarama huko Kiziba, Bukoba.

Jambo la kukumbuka ni kwamba hiyo sindano ya kwanza ilifanya kitu. Wagonjwa waliokuwa wakibebwa kwa machela walisimama. Uvimbe wa tezi za shingo ulipungua, na vimelea vikatoweka kwenye damu, walau kwa muda. Baadhi yao walipofuka kwa sababu ya aseniki ileile, na wengi waliopata nafuu ugonjwa uliwarudia. Kwa maneno mengine, tangu siku ya kwanza watu wa ziwa waliijua sindano kuwa kitu chenye nguvu, kinachoweza kukurudisha na kinachoweza kukuua. Malale yenyewe hayakukoma. Mwaka 1922 yalizuka upya upande wa Maswa, kusini mashariki mwa Mwanza, na serikali mpya ya Kiingereza ikaanza kuwahamisha watu na kufyeka mapori ya mbung'o.

Baada ya malale ikaja buba. Ulikuwa ugonjwa wa vidonda vibaya vya ngozi na mifupa, ambao vijana wa leo hawaujui hata kwa jina. Katika miaka ya 1920 Tanganyika ilianza kuutibu kwa sindano za aseniki na bismuthi, na hapo ndipo sindano ilipopendwa. Kidonda kilichomtesa mtu miaka kilikauka kwa wiki chache. Watu walitembea siku nzima kwenda kuchomwa. Penisilini ilipokuja baadaye ikawakuta wameshaamini. Waliozaliwa kabla ya miaka ya 1980 bado wanakumbuka sindano za PPF na "sindano za masaa", ambazo muuguzi alikuja kuzichoma usiku wa manane ukiwa umelala kifudifudi wodini. Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani na vidonge vitupu alihisi amedhulumiwa. Vidonge ni vya kutulizia, waliambiana, sindano ndiyo dawa.

Palikuwa na mipaka, ni kweli. Sehemu nyingi za Tanzania wazazi waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa, wakampeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji. Na baada ya wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa tu, kila mtu alianza kuitazama ncha ya sindano kwa jicho jingine. Bomba lililokuwa likichemshwa na kutumiwa tena likaanza kuogopwa, na ikawa kawaida mtu kwenda duka la dawa kujinunulia lake, likiwa kwenye karatasi yake isiyofunguliwa. Lakini hofu hizo zote zilihusu kinachoingia mwilini. Hakuna aliyewahi kuogopa sindano kwa sababu haina kitu ndani.

Wembe na pembe navyo, vya kabla ya hospitali, vilifuata kanuni hiyohiyo. Mganga wa Kisukuma, nfumu, alipomchanja mtu chale hakuziacha tupu. Alisugua unga wa dawa kwenye mkato ili uingie na damu. Alipomuumika mgonjwa kwa pembe la ng'ombe, alikuwa anatoa, na mgonjwa alionyeshwa damu nyeusi iliyoganda kama ushahidi. Anayetembelea makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, atasikia habari za Ngika na Gumha, waganga wawili mahasimu ambao wafuasi wao, Bagika na Bagalu, hadi leo hushindana kwa ngoma. Ushindani wao ulikuwa wa dawa: nani anayo, na iko wapi. Kwa Msukuma, kama kwa daktari wa Koch, tiba ni kitu kiingie au kitu kitoke.

Sasa turudi kwenye uchovu, kwa sababu nao ulikuwa unatafutiwa jina huko nje.

Mwaka 1869 daktari wa New York, George Beard, aliuita nyurasthenia, udhaifu wa neva, akadai unawapata watu wenye akili nyingi kwa sababu ya mbio za maisha ya kisasa. Jina lilienea haraka. Wakoloni walipokuja Afrika Mashariki walikuja nalo na kuliongezea mkia, likawa nyurasthenia ya nchi za joto. Ofisa wa Kiingereza aliyekaa bomani akapoteza usingizi, hamu ya kula na nguvu ya kuandika ripoti, aliandikiwa ugonjwa huo na kurudishwa kwao kupumzika kwa mshahara. Walisema ni jua, au mwinuko, au upweke. Mpagazi aliyembebea ofisa huyo frasila mbili kichwani, akichoka, ugonjwa wake ulikuwa na jina fupi zaidi: uvivu. Sijui kama kuna sehemu nyingine katika vitabu vya tiba ambapo rangi ya ngozi imeamua waziwazi hivyo nani ni mgonjwa na nani ni mkaidi.

Kilichovunja hukumu hiyo ni darubini. Mwaka 1949 Mwanza ilipata kituo cha utafiti wa matende, ambacho kilikua kuwa taasisi ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki, na baada ya mwaka 1979 kikawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Katika kazi ya maabara za namna hiyo, "uvivu" wa watu wa ziwa uliwekwa kwenye kioo na kuhesabiwa. Ulikuwa malaria. Ulikuwa safura, minyoo inayonyonya damu utumboni hadi mtu anapauka kucha. Zaidi ya yote, pwani kama ya Nyegezi, ulikuwa kichocho cha tumbo.

Kichocho kinastahili kukaa nacho kidogo, maana ndicho mwalimu mkali wa jambo hili. Konokono mdogo wa majani ya pwani huachia mabuu majini. Mtu anaposimama hadi magotini kufua, kuvuta wavu au kuchota maji, mabuu hutoboa ngozi yake kwa dakika chache. Hakuna sindano nyembamba kuliko hiyo, na mara nyingi mtu hahisi kitu. Minyoo hukua, ikaishi kwenye mishipa ya utumbo miaka na miaka, ikitaga mayai yanayokwama kwenye ini. Mgonjwa halazwi. Anakwenda kazini, anapika, anasoma, ila kila kitu anakifanya kwa nusu ya nguvu, akidhani hivyo ndivyo mwili ulivyo. Mtoto aliyezaliwa pwani anaweza kufika utu uzima bila kujua kutochoka kukoje.

Ndiyo maana mganga wa Nyegezi anauliza uchovu wa nini. Kwake uchovu ni dalili ya kitu, na kitu hicho mara nyingi kinaonekana kwenye choo, kwenye tone la damu au kwenye kipimo cha wingi wa damu.

Lakini upo uchovu usioonekana popote. Mwaka 1955 wafanyakazi karibu 300 wa hospitali ya Royal Free, London, walianguka na ugonjwa wa ajabu, wakalegea, wakaumwa misuli, wakachoka kupita kiasi. Mwaka huohuo wauguzi wa hospitali ya Addington, Durban, walipatwa na kitu kinachofanana na hicho. Wengi hawakupona sawasawa. Mwaka 1988 madaktari wa Marekani waliupa jina la sindromu ya uchovu sugu, na mwaka 1994 ikakubaliwa kwamba lazima uchovu uwe umedumu miezi 6 au zaidi, na magonjwa mengine yawe yameondolewa kwanza. Alama yake kubwa ni kwamba mgonjwa akijitahidi leo, kesho au keshokutwa anaporomoka, na kulala hakumrudishii alichopoteza. Baada ya UVIKO-19 wengi duniani walianza kuieleza hali hiyohiyo. Vipimo vyao huwa safi. Hicho ndicho kinachowaumiza, maana jamii inayouliza "uchovu wa nini?" ikikosa jibu hurudi haraka kwenye jina la zamani la wakoloni.

Sindano ya Kichina iliingia kwenye mlango huu.

China nayo ilikuwa imelipokea jina la Beard. Waliliita shenjing shuairuo, na katikati ya karne ya 20 lilikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoandikwa sana kwenye vyeti vya wagonjwa wao. Arthur Kleinman, daktari wa akili kutoka Marekani, aliwachunguza wagonjwa 100 wa namna hiyo huko Hunan mwaka 1980 akaona 87 kati yao wana sonona, jambo ambalo wenzake wa Kichina hawakulikubali lote. Tofauti na Waingereza, Wachina hawakuufanya ugonjwa wa mabwana. Ulikuwa wa mwanafunzi, karani na mfanyakazi wa kiwandani, na tiba moja waliyoijua kwa ajili yake ilikuwa sindano.

Sindano hizo si urithi uliokaa bila kuguswa. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliziondoa kwenye idara ya tiba ya ikulu. Mwaka 1929 serikali ya wakati ule ilitaka kuifuta tiba ya jadi nzima. Aliyezifufua zaidi ni Cheng Dan'an wa Jiangsu, aliyefundisha Wuxi, akazihamisha nukta mbali na mishipa mikubwa ya damu kwa kufuata vitabu vya anatomia vya kisasa, na kuzitumia sindano nyembamba kama unywele. Kinachouzwa leo kama hekima ya miaka elfu mbili kina miaka chini ya 100 katika umbo lake hili. Hilo halikifanyi kuwa uongo. Linakifanya kuwa tiba kama nyingine, iliyotengenezwa na watu wanaojulikana.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar ilipokea kikosi cha kwanza cha madaktari wa Kichina mwaka huohuo. Walitoka Jiangsu, jimbo la Cheng Dan'an, na hadi leo jimbo hilo ndilo linalopeleka madaktari wake Unguja na Pemba. Bara ilipangiwa jimbo la Shandong, na kikosi cha kwanza kilifika mwaka 1968. Mwaka huohuo, huko Mancheng, wanajeshi wa China waliangukia kaburi la Liu Sheng, mwana wa mfalme aliyekufa mwaka 113 kabla ya Kristo, na ndani yake zikakutwa sindano nne za dhahabu na tano za fedha. Magazeti ya China mwaka huo yalikuwa yakiwasifu madaktari pekupeku wa vijijini, waliobeba mkoba wenye aspirini upande mmoja na sindano upande mwingine.

Kwa miaka mingi vituo vya Shandong bara vilikuwa Muhimbili, Dodoma, Tabora na Musoma. Musoma ndiyo iliyo kwenye ziwa letu, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Mwanza. Vikosi vilibadilishana kila baada ya miaka miwili hivi. Kwa kawaida vilikuwa na mpasuaji, daktari wa wanawake, wa magonjwa ya ndani, wa macho, mkalimani, mpishi wao, na mtaalamu wa sindano. Wananchi waliwasifu wapasuaji. Sindano zilipata wateja wa kiharusi, migongo na magoti, watu waliokuwa wameshakata tamaa na vidonge.

Mwaka 1971 dunia nzima ilizisikia. Mwandishi wa Marekani James Reston aliugua kidole tumbo akiwa Beijing, akapasuliwa, na tarehe 26 Julai gazeti la New York Times likachapa habari yake. Watu wengi mpaka leo husimulia kwamba alipasuliwa kwa ganzi ya sindano za Kichina. Si kweli. Alichomwa ganzi ya kawaida ya hospitali. Sindano zilikuja baadaye kwa ajili ya tumbo lililojaa gesi, na ziliingizwa kwenye kiwiko cha kulia na chini ya magoti. Chini ya magoti ni palepale tulipoanzia.

Ungetegemea basi kwamba Tanzania, rafiki wa China kuliko karibu nchi zote za Afrika, ingekuwa nchi ya sindano hizo. Haikuwa. Mwaka 1974 Muhimbili ilianzisha kitengo chake cha kutafiti tiba asili, kikashughulikia mitishamba. Mwaka 1987 Tanzania na China zilikubaliana kujaribu tiba ya Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI hapohapo Muhimbili, na kilichotolewa kilikuwa hasa mitishamba iliyosagwa. Serikali iliyokuwa imepiga marufuku hospitali za kibiashara mwaka 1977 iliziruhusu tena mwaka 1991, na muongo huo kliniki ndogo za Wachina zikachipuka Dar es Salaam na miji mingine. Mtaalamu wa anthropolojia Elisabeth Hsu alizichunguza kwa miaka. Aliona zinastawi kwa kitu kimoja, dawa zilizotengenezwa tayari kiwandani. Watu walisema dawa ya Kichina inafanya kazi haraka. Sindano zilikuwa pembeni kabisa.

Sababu, kwa maoni yangu, tumeshaiona. Daktari wa Shandong alikuwa ameshika mkononi kitu ambacho mgonjwa wa ziwa alidhani anakijua. Akajiandaa kwa maumivu na kwa dawa. Ikaingia ncha nyembamba isiyo na bomba, isiyo na chupa, isiyotoa damu. Ikakaa dakika 20, ikachomolewa. Hakuna kilichoingia, hakuna kilichotoka. Aliyezoea PPF alijitazama paja akajiuliza amelipia nini. Maelezo ya qi, nguvu ya uhai inayotiririka kwenye njia zake mwilini, hayakumsaidia, kwa sababu hayakugusa kanuni ya Ngika wala ya Koch. Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, maelfu kwa maelfu walipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa na kitu ndani.

Je, sindano tupu inasaidia aliyechoka kwa uchovu sugu? Jibu la watafiti linahitaji uvumilivu. Korea Kusini, jaribio lililochapishwa mwaka 2015 liliwagawa watu 150 wenye uchovu wa muda mrefu. Waliochomwa sindano mwilini kwa wiki nne juu ya matunzo yao ya kawaida walipungukiwa na uchovu kuliko walioendelea na matunzo tu. Ila kila mmoja alijua kapata nini, na anayejua ametibiwa hujisikia ametibiwa. Hong Kong mwaka 2013 walitumia njia kali zaidi kwa watu 127, wengine wakapata sindano bandia. Sindano bandia za namna hii zina ncha inayorudi ndani kama kisu cha maigizo. Inagusa, haiingii. Waliopata sindano za kweli walipata nafuu kiasi. Waliopata za bandia nao walipata nafuu, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Majaribio mengi mengine ni madogo na yamefanywa ovyo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 unasema wazi kwamba ugonjwa huu hauna tiba ya kuuponya, na uliacha hata yale mazoezi ya kuongezwa kidogo kidogo ambayo wagonjwa walikuwa wakilalamika kwamba yanawaangusha.

Kwa hiyo sindano ni nyongeza. Mtu ambaye vipimo vyake vyote ni safi, anayejua kupanga nguvu zake za siku kama anayegawa unga wa mwisho wa mwezi, akipata mtaalamu mwenye sindano mpya zinazotumika mara moja, anaweza kulala vizuri zaidi na kuumwa kidogo zaidi. Huenda ni sindano, huenda ni ile nusu saa ya kulala kimya mtu akikushughulikia bila kukuita mvivu. Mimi hicho cha pili sikidharau. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kuwasajili watoa tiba hizi, na kuuliza cheti cha usajili si kumkosea mtu adabu.

Lakini ukitaka kujua China imeuondoa wapi uchovu wa watu wa ziwa, usitazame sindano. Mwaka 1967, wakati Shandong inajiandaa kuja, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale, wakakuta agizo la Ge Hong wa karne ya 4 kuhusu mmea wa qinghao, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 wakapata artemisinini. Tanzania iliuchukua mseto uliotokana nayo kuwa dawa ya chaguo la kwanza kwa malaria mwishoni mwa mwaka 2006. Tu Youyou alipata Nobel mwaka 2015. Na kuanzia mwaka 2017 wataalamu wa taasisi ya vimelea ya Jiangsu, iliyoko Wuxi, mji aliofundishia Cheng Dan'an, walikwenda Pemba, wakawa wanatembea kwenye mabwawa na vijito wakitafuta konokono wa kichocho. Hawakuwa na sindano mkononi.

Majibu ya mama wa zahanati yanarudi baada ya saa moja. Malaria hakuna. Damu imepungua kidogo. Kwenye choo kuna mayai ya kichocho. Mganga kijana anampima uzito, kilo 60, anahesabu vidonge vinne vikubwa vyeupe vya prazikwanteli, anamwambia ale kwanza ndipo avimeze vyote, na kwamba vinaweza kumtia kizunguzungu leo.

Mama anavitazama mkononi.

"Na sindano, mwanangu?"

"Hakuna sindano, mama. Ni hivyo tu."